Mbegu za leo zilianza miezi mitatu iliyopita

Karatasi ya majibu ya kipimo cha mbegu za kiume haikuelezi ulivyo leo. Inakueleza ulivyokuwa kama miezi mitatu nyuma. Daktari aliponiambia hivyo nilidhani ananifariji, maana majibu yangu yalikuwa chini na mimi na mke wangu tulikuwa tumengoja ujauzito kwa muda. Akaniuliza kama nimeugua karibuni. Nilikuwa nimeugua kweli, homa kali iliyonilaza kitandani wiki kadhaa kabla ya kipimo. Basi akasema turudie baada ya miezi mitatu, wala hakuandika dawa. Nilitoka pale nimenuna. Mgonjwa hupenda kutoka na kitu mkononi.

Nilipoelewa mbegu zinavyotengenezwa, nilimwona daktari yule ana akili sana.

Ndani ya korodani kuna mirija myembamba iliyojikunja, na kwenye kuta zake kuna seli mama ambazo hugawanyika tangu balehe hadi uzeeni. Baadhi hubaki kuwa akiba, nyingine huendelea. Zinazoendelea zina kromosomu (vibeba vinasaba) 46. Hugawanyika mara mbili kwa namna ya pekee hadi kila seli inabaki na 23, nusu ya seli zikibeba X, ya mtoto wa kike, na nusu Y, ya mtoto wa kiume. (Kwa hiyo mume anayemnunia mkewe kwa kuzaa mabinti watupu anamnunia asiyehusika.) Hapo seli bado ni duara. Kisha hupungua mwili, vinasaba hukazwa kichwani, mkia huota, na chini ya shingo hupangwa vijisehemu vya kuzalisha nguvu. Muda wote huo hulelewa na seli za Sertoli, yaani seli walezi za mirija hiyo. Kazi hii huchukua kati ya siku 64 na 74 hivi.

Zikitoka hapo zina umbo kamili lakini haziwezi kuogelea. Huingia epididimisi, mrija ulioshonana nyuma ya korodani ambao ukinyooshwa hufika karibu mita 6, na humo ndimo zinapopata mwendo, kwa siku chache hadi wiki mbili hivi. Ukomavu wa mwisho hutokea ndani ya mwili wa mwanamke, saa kadhaa baada ya tendo. Kabla ya hapo mbegu haiwezi kulipenya yai.

Ukijumlisha siku hizo utaona kwa nini homa ya juzi huonekana kwenye kipimo cha baadaye, na kwa nini anayeacha sigara Jumatatu asitarajie lolote Ijumaa.

Joto ni adui mkubwa. Korodani huning'inia nje kwa sababu zinahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Kama unatafuta mtoto, punguza kukaa kwenye maji ya moto, na kompyuta iweke mezani badala ya mapajani.

Lakini linalonisumbua zaidi ni vijana wanaojidunga testosteroni ili wajaze misuli. Wanaamini homoni ya kiume ikizidi, na mbegu zitazidi. Ni kinyume chake kabisa. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huacha kutuma LH na FSH, zile homoni mbili zinazoziamuru korodani kufanya kazi. Testosteroni inayotengenezwa ndani ya korodani zenyewe hushuka, na mbegu hupungua au hukoma. Ukiacha sindano, kurudi katika hali ya kawaida huchukua miezi, wakati mwingine zaidi. Kama uliandikiwa na daktari usiache kimyakimya, ila mwambie kwamba unataka mtoto.

Wingi wa majimaji unayomwaga nao usikudanganye. Sehemu kubwa hutoka kwenye tezi dume na vifuko vilivyo nyuma ya kibofu, mbegu zenyewe ni kama asilimia 5 au chini. Ndiyo sababu aliyefanyiwa vasektomi, yaani kufungwa mirija ya mbegu, haoni tofauti, na pia ndiyo sababu lazima aendelee kutumia kinga hadi kipimo, kwa kawaida baada ya miezi mitatu, kithibitishe kwamba mbegu zilizobaki njiani zimekwisha.

Ukienda kupima, kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Kusanya yote, kwa kuwa matone ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi. Yakimwagika, sema bila haya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataja mbegu milioni 16 kwa mililita kuwa kiwango cha chini cha rejea, ingawa wapo walio chini yake wanaopata watoto.

Kipimo changu cha pili kilipanda. Chako kikibaki chini, muone daktari wa mfumo wa mkojo na uzazi wa kiume akuangalie kama una mishipa iliyovimba kwenye korodani, tatizo ambalo mara nyingi hutibika. Na mkeo apimwe wakati huohuo, asingoje zamu yake.