Unywele ule haukuwa wangu

Mwanangu Hamisi,

Marahaba. Unauliza: jipu lako la kifandugu limetumbuliwa mara mbili na limerudi, sasa daktari anataka kulikata lote, ukubali, au uendelee kuvumilia kwenye usukani? Ngoja kwanza nikwambie habari ya kidole changu.

Kovu lile kati ya kidole cha kati na cha pete, siku zote nimewaambia ni la wembe. Si la wembe. Nilikuwa na miaka 29, nanyoa pale Mwanga, pakatoboka kitundu: kinatoa majimaji, kinafunga, kinavimba tena. Miezi minne. Nikajua nimelogwa, na mlogaji nikamjua: kinyozi mwenzangu wa kibanda cha pili, maana wateja wake walikuwa wanahamia kwangu. Nikamtamkia mbele ya watu. Mama yako alinivuta shati, sikusikia.

Tabibu alipokipasua, alichomoa kitu akakilaza juu ya pamba. Vinywele vitatu, kimoja mvi. Na mimi, mwanangu, sikuwa na mvi hata moja. Akaniuliza, "Wewe kinyozi?"

Unywele uliokatwa haufi. Kwa darubini una magamba yaliyolala upande mmoja. Ukisuguliwa unakwenda mbele tu, haurudi. Unakumbuka shuke la nyasi mlilokuwa mkitia kwenye mkono wa shati, likapanda lenyewe hadi kwapani? Ndivyo. Sisi vinyozi hutuingia vidoleni. Nyie mnaoshinda mmekaa, pale kwenye mfereji wa makalio, penye jasho na msuguano. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani waliuita ugonjwa wa jeep, yaani wa gari lao dogo la jeshi, askari wao walilazwa kwa maelfu. Wapasuaji wa Ujerumani wamezichunguza nywele za humo wakakuta nyingi ni za kichwani, vipande vifupi vilivyoshuka mgongoni. Vikishazama, mwili unavipiga vita kama mwiba, usaha unajitafutia njia. Kwa hiyo si uchafu wako, wala si mkono wa mtu. Nasikia mkeo keshaanza kumtazama jirani vibaya. Mwambie aache.

Haya, upasuaji. Mimi ningesema kata... hapana, sisemi, mwili ni wako, na hata likikatwa, jipu linaweza kurudi. Lakini kuvumilia nako! Miezi minne nilivumilia, nikapoteza mtu. Muulize tu daktari atashona katikati ya mfereji au pembeni. Mshono wa pembeni hupona vizuri zaidi. Basi, nimenyamaza.

Na ukinyolewa, oga kabla hujapanda gari. Unywele uliokatwa haufi.

Yule mwenzangu alihamia Kasulu. Nilipita kibandani kwake mwaka uliofuata, maneno yakanikauka, nikakaa kwenye kiti kama mteja. Alininyoa, akanipangusa shingo kwa brashi, akarudia tena taratibu mpaka ndani ya kola. Pesa yangu hakuipokea.

Baba yako