Raba za Laki Tano na Vumbi la Saruji

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia kutoka Morogoro: "Shikamoo kaka. Nimekusanya laki nne na nusu za kununua raba za kikapu. Ninunue zipi?" Nilianza kumjibu kwa sentensi mbili, nikajikuta nimeandika ukurasa mzima wenye hasira, nikaufuta. Kijana hakuwa amenikosea lolote. Hasira ilikuwa ya kwangu, na ilianza Julai.

Mwezi Juni nilinunua raba za shilingi 520,000, fedha niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya tairi za pikipiki. Kampuni sitaitaja, wala nyota wa Marekani ambaye jina lake limeshonwa kwenye ulimi wa kiatu. Muuzaji alinitandikia kipande cha zulia, nikafunga kamba, nikaruka mara mbili, nikatembea hadi mlangoni na kurudi, na hapo ndipo tathmini yangu yote ilipoishia. Mtu niliyecheza ligi ya mkoa kwa misimu kumi na mbili, ninayewafundisha wengine namna ya kuweka miguu wakati wa kulinda, nilinunua kiatu kwa kukiruka juu ya zulia.

Mechi iliyoniletea hasira hiyo ilichezwa Jumamosi moja jioni mwezi Julai kwenye uwanja wa wazi, katika majira ya kusi, ambapo ardhi imekauka na upepo unapeperusha vumbi la barabarani hadi kati ya uwanja. Tulikuwa mbele kwa pointi moja na zilikuwa zimebaki sekunde 14. Kijana niliyekuwa nikimlinda alikokota mpira kwenda kushoto, kisha akasimama ghafla. Mimi sikusimama. Mguu wangu wa kulia uliteleza kiasi cha shubiri mbili, nikaweka kiganja chini ili nisianguke, na nilipoinua kichwa mpira ulikuwa umeshapita kwenye wavu. Mwalimu hakunilaumu kwa neno lolote. Aliitazama miguu yangu, kisha akaitazama saa. Mchezo uliofuata nilianzia benchi, na mpaka leo ninaanzia benchi.

Wapo wanaosema kwamba ni umri. Huenda umri una sehemu yake, lakini umri hauachi vumbi la kijivu, laini kama unga wa muhogo, chini ya soli. Nilipovua kiatu kile usiku na kukipangusa kwa kiganja chenye mate, kiganja kilitoka cheusi.

Baadaye nilielewa kilichotokea. Soli ya raba zile ni ya mpira laini unaopitisha mwanga, unaopendeza sana kwenye picha. Mpira wa namna hiyo hung'ang'ania sakafu safi ya mbao, na karibu viwanja vyote vya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, vimetandikwa mbao ngumu za mti wa mepo ambazo hupanguswa mara kwa mara hata mchezo ukiendelea. Kwenye saruji iliyopakwa rangi mambo hugeuka: ulaini uleule hunasa vumbi, na vumbi likishatanda, mguu unakanyaga vumbi badala ya uwanja. Juu ya hayo, saruji huusaga mpira laini kama msasa. Raba zangu kuukuu za mtumba, ambazo hazikufika hata laki moja, zilikuwa na mpira mgumu wenye mistari iliyopinda kama meno ya msumeno, iliyochimbwa kina cha kutosha kulipa vumbi mahali pa kukaa. Nilikuwa nimeziweka chini ya kitanda kwa sababu nilizionea aibu.

Tangu siku hiyo sikubali kusema kiatu ni kizuri kabla ya kukipima uwanjani kwetu. Ninasimama kwenye mstari wa mwisho, ninakimbia kwa kasi hadi mstari wa mitupo huru, umbali wa mita 5.8, na ninajaribu kusimama papo hapo. Ninafanya hivyo mara tatu kabla ya kupangusa soli na mara tatu baada ya kuipangusa, huku mtu mwingine akiweka alama ya chaki pale mguu unapoishia. Kisha ninarudia kwa kwenda upande, kama mtu anayelinda, kwa sababu huko ndiko kiatu kinakofichua siri zake. Kama tofauti ya kabla na baada ya kupangusa ni kubwa, kiatu hicho kitakutupa robo ya nne, kwa maana katika robo ya nne hakuna anayekupa nafasi ya kupangusa miguu.

Kuhusu uzito, nilizipima raba zote mbili kwenye mizani ya muuza nyama jirani yangu, ambaye alicheka sana. Za bei ghali zilikuwa nyepesi kwa gramu 40 kila mguu. Sikuwahi kuzihisi gramu hizo uwanjani.

Kifundo cha mguu kinahitaji maneno zaidi kidogo, kwa kuwa kwa miaka mingi nilivaa viatu virefu, vya kufunika kifundo, nikiamini vitanikinga, na bado nikateguka mara mbili. Mwaka 1993 watafiti nchini Marekani waliwafuatilia wachezaji zaidi ya 600 wa michezo ya vyuoni, wengine wakiwa wamevaa viatu virefu na wengine vifupi, na hawakuona tofauti ya maana katika kuteguka. Kobe Bryant, nyota wa NBA aliyekulia Italia akiutazama mpira wa miguu, alisisitiza kwamba kiatu chake cha mwaka 2008 kiwe kifupi kama cha wachezaji wa soka. Kinachofaa kuangaliwa ni kisigino: funga kamba kikamilifu, inama, nyanyua kisigino haraka, na kama kisigino kinapanda huku kiatu kikibaki chini, rudisha kiatu dukani. Jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, tena ukiwa na soksi unazochezea.

Wanaopenda raba za zamani zilizotunzwa kwenye boksi wasome tarehe iliyochapwa kwenye lebo ya ndani kabla ya kulipa. Soli ya kati ya poliurethani, aina ya povu la plastiki, huoza kwa unyevunyevu hata bila kuvaliwa, na hewa ya pwani haina huruma. Nimemwona mtu akiacha vipande vya soli uwanjani kama makombo ya mkate kabla ya nusu ya kwanza kuisha.

Vijana, mnanunua majina. Ninalisema hili nikijua kwamba mimi ndiye wa kwanza kuyanunua, na nililipia kwa nafasi yangu katika kikosi cha kwanza, nafasi ambayo sijaipata tena. Kiatu kipimwe uwanjani. Nimeshasema, na ninarudia: uwanjani, kwenye vumbi lako, siyo kwenye zulia la mtu anayetaka kukuuzia.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Morogoro, marahaba. Kama unacheza nje, tafuta soli ya mpira mgumu yenye mistari ya kina kirefu. Kwa raba za Nike, herufi XDR chini ya soli zina maana kwamba mpira umeimarishwa kwa viwanja vya nje. Laki mbili zinaweza kukutosha. Zinazobaki nunua soksi nzuri na mpira wako mwenyewe.

Raba zangu za laki tano ninazo bado. Kila Jumatano ninazivaa kwenye ukumbi mmoja wenye sakafu ya mbao, ambao hufagiliwa kabla hatujaanza. Huko hazitelezi hata kidogo, jambo ambalo linaniudhi zaidi.