Muulize Shangazi: Raba za magurudumu safari ya Orlando

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Tampa, Florida, na mume wangu na watoto wetu wawili. Desemba mume wangu atapata likizo, na tumeshalipia siku mbili za Walt Disney World, zile bustani za burudani kule Orlando, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka kwetu. Tatizo ni kijana wetu wa miaka 9. Mjomba wake alimletea raba zenye gurudumu kisiginoni, na tangu siku hiyo hataki kiatu kingine. Anasema atakwenda nazo. Baba yake anaona ni sawa, maana kule tutatembea kutwa, na mtoto akiteleza hatatulilia miguu. Mimi moyo unakataa, ila nikiulizwa sababu nabaki kusema naogopa tu. Je, zinaruhusiwa? Na tukiyatoa magurudumu, avae? Sitaki kumharibia safari aliyoisubiri mwaka mzima.
Mama Wawili, Tampa

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile jepesi: haziruhusiwi. Kanuni za Walt Disney World zinavitaja waziwazi viatu vyenye magurudumu, pamoja na skuta, skeiti na ubao wa kuteleza. Lakini najua kanuni peke yake haimtulizi mtoto wa miaka 9, wala haimridhishi mwanamume aliyekwisha kupiga hesabu za miguu. Wewe umeomba sababu. Ninazo, na nyingine nimezishika kwa mikono yangu.

Miaka 22 nilifanya kazi kwenye chumba cha kufungia P.O.P., yaani hogo la mfupa uliovunjika, hapo hapo kwenu Tanga. Watoto wetu wengi walitoka mwembeni au kwenye baiskeli. Mkono uliovunjika karibu na kifundo una umbo lake: ukiutazama kwa ubavu, umepinda kama uma uliolazwa mezani. Mtoto huja ameubeba kwa mkono wa pili kama abebaye yai. Mara nyingi halii. Anakutazama tu, aone kama utaugusa.

Raba za magurudumu sikuwahi kuziona enzi hizo, lakini nilipoonyeshwa zinavyofanya kazi nilijua mara moja mkono utakaokuja chumbani kwangu. Kutembea, unatembea kama kawaida. Kuteleza, unainua vidole, unatanguliza mguu mmoja na kuweka uzito wote kisiginoni. Yaani mwili mzima unasimama mahali ambapo binadamu akipoteza mizani huanguka kinyumenyume. Mikono nayo inakimbilia nyuma kuudaka mwili, bila macho kuona inakotua. Breki ni kipande cha soli nyuma ya kisigino, nacho kinataka mtoto aliyekwisha kuzoea, asiyeshtuka.

Raba hizi zilivumbuliwa na Mmarekani Roger Adams mwishoni mwa miaka ya 1990, zikaingia madukani mwaka 2000 kwa jina la Heelys. Zilipopamba moto, hospitali ya watoto ya Temple Street, Dublin, Ireland, iliamua kuhesabu. Katika wiki 10 tu za kiangazi cha mwaka 2006 ilipokea watoto 67 walioumia mifupa na viungo kwa viatu vya namna hii, wengi wao mikono. Mmoja kati ya kila watano aliumia siku ya kwanza kabisa ya kuvivaa. Mwambie hilo baba watoto, halafu umuulize kijana wake ana wiki ngapi nazo.

Hata hivyo, mkono wa mwanao si jambo linalonisumbua zaidi. Mkono wa mtoto wa miaka 9 hufungwa hogo, ukaunga, akarudi kucheza.

Nilipokwenda kumwangalia binti yangu huko Florida, tuliwapeleka wajukuu kwenye bustani moja ya burudani, si hiyo mnayokwenda ninyi. Kutoka maegesho kuna njia pana ya zege inayoshuka taratibu kuelekea mlangoni. Kwanza nilisikia sauti, krrrr, kama mtu anaburuta kibati. Kisha binti wa miaka 10 hivi akatupita, mikono ameitandaza, na kwa kweli alipendeza kumtazama. Mbele yake baba yake akasimama ghafla kutafuta tiketi kwenye simu. Mtoto akakwepa kulia. Kulia alikuwepo bibi mmoja na bakora yake.

Hapakuwa na kishindo. Kiatu kiliipiga bakora, bakora ikaruka, na bibi akaketi pale pale kwenye zege, polepole, kama mtu anayekaa mkekani. Alipotaka kuinuka, hakuweza. Nilipiga magoti nikamshika, anatetemeka mwili mzima, anauliza pochi yake iko wapi, nayo ameining'iniza begani. Wakaja na kiti cha magurudumu wakamchukua. Alivyoendelea huko ndani sikujua.

Nilipogeuka, yule binti alikuwa amekaa ukingoni mwa njia, anajaribu kuyang'oa magurudumu kwa vidole. Hayatoki. Machozi yanamdondokea viatuni. Hakuna aliyemgombeza, hata baba yake. Sura ile ndiyo iliyonibakia, kuliko hata ya bibi. Mtoto yule alipewa viatu, akaambiwa avae, akavaa. Kilichotokea kilikuwa juu yetu wakubwa, lakini aliyekibeba moyoni siku ile ni yeye. Mwanangu, mimi namhofia kijana wako jambo hilo.

Sasa ichukue njia ile uijaze watu wa wiki ya Krismasi. Ukiingia Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za Disney World, barabara ya kwanza, Main Street, ina reli za tramu ya farasi zilizozamishwa barabarani, na kingo za kupanda na kushuka kila upande. Kuna vigari vya watoto, kuna wazee kwenye vigari vya umeme, kuna watoto wadogo wanaochomoka mikononi mwa mama zao. Na kila mtu anatazama juu, kwa sababu ngome ya Cinderella iko mbele yao. Nani atatazama visigino vya mtu? Haunted Mansion, jumba la mizimu linalozungukwa kwa vigari, ndiyo kabisa: unapanda gari huku umesimama juu ya ukanda unaotembea. Hebu fikiria gurudumu la kisigino juu ya ukanda huo.

Umeuliza kuhusu kuyatoa magurudumu. Ni kweli yanatoka kwa kifaa chake maalumu, na tundu linazibwa. Lakini mlinzi hawezi kujua kama gurudumu limo mfukoni mwa mtoto, na wewe utashinda ukimkagua badala ya kufurahi naye. Tena soli iliyotengenezwa kubeba gurudumu ni nene na ngumu kisiginoni. Mfanye avae hiyo tangu asubuhi hadi fataki za usiku, halafu uone malengelenge.

Kwenye suala la kuchoka, baba yake ana hoja, wala usimbishie. Kuzunguka yale mabanda ya nchi 11 ya World Showcase pale Epcot, bustani nyingine ya Disney World, peke yake ni karibu kilomita 2. Kwa hiyo ingieni mapema mlango ukifunguliwa, saa za mchana tokeni mkalale kidogo hotelini, mrudi jioni. Mtoto akianza kuburuta miguu Magic Kingdom, mpandisheni treni ya mvuke inayoizunguka bustani, au PeopleMover, vigari vinavyopita juu ya eneo la Tomorrowland, mkae kama dakika 10 upepo unawapiga. Nayo inapandiwa kwenye ukanda unaotembea, mshike mkono. Kama mdogo wake bado ni wa kigari, pimeni kabla ya kuondoka: hakitakiwi kuzidi sentimita 79 kwa upana na 132 kwa urefu, na vitoroli vya kukokota havipokelewi.

Raba zenyewe sikwambii uzitupe. Mjomba alimletea mpwawe kwa mapenzi, na mtoto anayejifunza mizani anajifunza kitu cha maana. Tafuteni uwanja wa mpira wa kikapu usio na watu, Jumamosi asubuhi, zege kavu, baba yake awe pale. Madaktari wa mifupa wa Marekani wanataka mtoto avae kofia ngumu, vikinga vya vifundo vya mikono, vya magoti na vya viwiko. Mimi kama sina fedha za vyote ningenunua kofia na vya mikono kwanza.

Na kumwambia, aambiwe sasa, si asubuhi ya safari watu wameshaingia garini. Afadhali aambiwe na baba yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa upande wake. Asiambiwe tu "wamekataza". Mhadithieni yule bibi na bakora yake. Wa miaka 9 anaelewa kabisa, na huenda akawauliza kama alipona. Mwambieni Shangazi naye angependa kujua.

Mnunulieni raba za kawaida wiki tatu kabla, azivae shuleni na dukani mpaka zilainike, na wekeni soksi jozi mbili kwenye begi kwa kila siku. Zile za magurudumu zibaki Tampa, kabatini, zisiingie hata kwenye buti ya gari.