Seli mama inarithi au inarithisha?

SWALI: Nafundisha baiolojia sekondari, na huwa nawaandikia wanafunzi notsi za Kiswahili pembeni ili waelewe haraka. Juzi niliandika "seli mama inarithi oganeli zake kwa seli binti" (oganeli ni vile viungo vidogo vya ndani ya seli), mwenzangu akakataa, anasema ni "inarithisha". Halafu tukabishana tena, mitokondria (oganeli inayoipa seli nishati) ni hii au hizi? Tusaidie.

JIBU: Mwalimu, mwenzako yuko sahihi ila na yeye hajamaliza. Kurithi ni kazi ya anayepokea. Mtoto ndo anarithi shamba, baba anamrithisha, kwa hiyo ukiandika seli mama inarithi umemgeuza mama kuwa mpokeaji na mwanafunzi anapotea hapohapo.

Sasa shida ninayoiona mimi iko kwenye rithi yenyewe. Kwetu ukisikia mirathi unajua kuna marehemu, kuna mali imebaki na kuna watu wamekaa kikao, lakini seli ya mwili wetu ikigawanyika hakuna aliyekufa wala hakuna mama aliyebaki pembeni, yeye mwenyewe ndo amegeuka kuwa hao mabinti wawili. Ndo maana hapo ningeandika "seli binti zinagawana mitokondria". Hiyo -na ya mwisho inaonesha wawili wanachota kwenye chungu kimoja, na uzuri wake haisemi kila mmoja kapata sawasawa, na ndivyo ilivyo kweli, maana kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni, zinanakiliwa kwanza halafu zinagawanywa kwa hesabu kali, nakala moja huku na moja kule, lakini mitokondria ziko nyingi zimetapakaa kwenye saitoplazimu, ule ute wa ndani ya seli, na seli inapokatika kila upande unaondoka na zilizokuwa kwake, inakuja karibu nusu kwa nusu ila si kwa kuhesabu moja moja. Na seli haiwezi kuunda mitokondria kutoka sifuri, lazima zilizopo zikue zigawanyike, yaani binti akitoka mikono mitupu hana pa kuzipata.

Hapo angalia vitenzi viwili visigongane: mitokondria zinagawanyika (moja inakuwa mbili), halafu seli binti zinazigawana. Ni matukio mawili tofauti kabisa, na nimeona notsi nyingi zinayaweka kwenye kitenzi kimoja.

Kurithisha sikuzuii lakini, ina mahali pake. Chukua hamira hii ya maandazi. Yenyewe haikatiki katikati, inatoa kichipukizi ubavuni, na protini za myosini zinazikokota mitokondria kwenye nyuzi za aktini mpaka ndani ya kichipukizi. Kikishajitenga mama bado yupo, ni yuleyule, anaweza kuchipua tena. Huyo kweli amemrithisha mwanawe angali hai, kama mzee anayemkatia kijana kipande cha shamba. Na mtu naye tunasema anarithi mitokondria kwa mama yake, kupitia yai, pamoja na zile jeni 37 zilizomo ndani yake, hapo rithi imekaa vizuri tu.

Haya, hii au hizi. Neno limetoka nje na limeanza na mi-, sasa sikio la Mswahili likisikia mi- linatafuta m- ya umoja, ndo unakutana na mtu kaandika "mtokondria". Simshangai hata kidogo kwa sababu lugha yetu imeshafanya hivyo kitambo, masjid ya Kiarabu tukaifanya msikiti tukapata misikiti, kitab ikawa kitabu na vitabu vikafuata. Ila mashine inaanza na ma- na bado tunasema mashine hii, mashine hizi, wala hakuna anayesema "shine". Mitokondria naomba tuiweke huko, pamoja na oganeli na seli. Sababu yangu ni hii: ukiifuata ngeli ya miti utasema "mitokondria inagawanyika" ukimaanisha nyingi, na msomaji atajuaje kama ni moja au elfu? Ukisema zinagawanyika umemaliza ubishi.

Kwenye binti pia kuwa makini, wengi neno hilo linawavuta wanaandika "seli binti wanagawana". Mkubwa wa kirai ni seli, kwa hiyo zinagawana.

Na kuna moja hukuuliza ila lazima niseme. "Seli inagawanyika mara mbili" watu wanaandika wakimaanisha imekuwa seli mbili. Hapana jamani, mara mbili ni kugawanyika halafu kugawanyika tena, unapata nne, na hiyo ndo meyosisi, mgawanyiko wa kutengeneza mbegu za uzazi na mayai. Ya mitosisi, ule mgawanyiko wa kawaida wa seli za mwili, andika "inagawanyika kuwa seli mbili", mwanafunzi asije akakosa alama kwa sababu ya neno mara.