Kisima cha Jambiani kimeingia munyu: tuzidi kuchimba?

SWALI: Assalaamu alaykum. Kisima cha mtaa wetu hapa Jambiani kilichimbwa na wazee, na maji yake yalikuwa matamu. Miaka ya karibuni, kaskazi ikishika, maji yanaingia munyu mpaka mvua za masika zinyeshe. Fundi anashauri tuzidishe kina mita kumi. Wazee wanasema bahari imepanda kwa mabadiliko ya tabianchi. Tumsikilize nani?
Mama wa kamati ya maji

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. Msichimbe. Natanguliza hilo kwa sababu pesa za kamati zikishaingia shimoni hazirudi, na hapo mlipo kila mita mnayoshuka inawasogeza kwenye maji ya bahari.

Chini ya uwanda wa mashariki ya Unguja mvua huzama kwenye jiwe la matumbawe lenye matundu, ikakutana na maji ya bahari yaliyopenya humo humo. Maji matamu ni mepesi, kwa hiyo huelea juu. Mnachoteka ni ziwa lililofichwa ndani ya mwamba, na sakafu yake ni chumvi. Kanuni yake ni hii: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyosimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini ya usawa huo. Karibu na pwani kimo hicho huwa kidogo. Tuseme ni nusu mita: kwa hesabu mna mita 20, na kwa kweli ni pungufu, maana baina ya utamu na chumvi kuna tabaka la mchanganyiko. Kimo kikishuka sentimita 25, mita 10 za maji matamu hupotea kwa chini kidogo kidogo, nanyi huku juu mnaona tu kamba ya ndoo imezidi kama shibiri moja. Mota inayovuta mfululizo huleta balaa hilo hilo mahali pamoja: maji yanashuka kisimani, na chumvi inapanda kuelekea bomba.

Wazee hawakukosea. Usawa wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kati ya 2006 na 2018 kasi ilifika milimita 3.7 kwa mwaka. Lakini bahari ikipanda taratibu, maji matamu nayo hunyanyuka pamoja nayo iwapo ardhi ina nafasi. Hasara huja pale ufukwe unapoliwa na nchi kavu inapopungua upana, au bamvua linapofurika na kumwaga chumvi kutokea juu. Kwa maoni yangu, kwa kisima kama chenu tabianchi huuma zaidi kupitia mvua. Vuli ikikatika, kaskazi inawakuta na akiba haijajazwa. Na joto likizidi, unyevu mwingi hurudi angani kabla haujazama. Kati ya 2020 na 2022 Afrika Mashariki ilipitia misimu mfululizo ya mvua haba, na mwaka 2022 hata Dar es Salaam iligawiwa maji kwa zamu mto Ruvu ulipopungua. Juu ya hayo tunavuta zaidi kuliko zamani: nyumba zimeongezeka, na mgeni wa hoteli hutumia maji mara nyingi kuliko mwanakijiji.

Kabla ya kutoa senti, tafuteni kipima chumvi cha mkononi. Kinasoma kwa maikrosimensi. Bahari ni kama 50,000, na maji ya kisima yakikaribia 1,500 ulimi huanza kulalamika. Pimeni alfajiri kabla ya kuvuta, kisha baada ya saa moja ya kuvuta, siku za bamvua na siku za maji mafu, na muandike kwenye daftari. Chumvi ikipanda mota ikiwaka na kushuka ikipumzika, mnavuta kwa nguvu mno. Ikifuata bamvua, kuna ufa unaokwenda baharini. Ikiwa inapanda kaskazi tu, na kila mwaka zaidi ya uliopita, akiba yenyewe inapungua.

Dawa ya hali ya kwanza ni rahisi: inueni bomba, wekeni mota ndogo, vuteni kidogo kidogo na kupumzisha. Pampu ya jua inafaa, ila ifungwe tangi likijaa, maana kwa kuwa haili mafuta watu huiacha ivute mchana kutwa. Hali ya pili mara nyingi ni kuhama, kisima kipya kiwe ndani zaidi ya kijiji na kifupi. Kwa zote tatu, kingeni mvua: bati la mita za mraba 50 kwa mvua ya milimita 100 hutoa lita 5,000, na hata mkipoteza moja ya tano zinabaki 4,000 za kunywa. Mwageni maji ya mwanzo yanayoosha bati.

Mawili ya afya, tafadhali. Kuchemsha hakuondoi munyu, kunauzidisha, kwa hiyo wenye presha na wajawazito watangulizwe kwenye maji ya mvua. Na masika yakirudisha utamu, msiuchukulie kuwa usafi. Jiwe la matumbawe halichuji. Mvua kubwa ya ghafla hushuka na uchafu wa vyoo vya shimo moja kwa moja hadi kisimani. Wakati huo ndipo pa kutia klorini au kuchemsha.

Daftari hilo mpelekeeni sheha na Mamlaka ya Maji mkiomba visima vyote vya jirani, vya hoteli vikiwemo, vipimwe wiki moja, kwani mnateka ziwa moja.