Leseni yasema "matumizi ya ndani": naweza kuwaendeshea wateja tovuti zao?

Swali: Nina ofisi ndogo Mwanza, tunatengeneza tovuti za habari na majarida ya mtandaoni. Tulinunua programu ya uchapishaji tukaiweka kwenye seva yetu. Leseni, kwa tafsiri yangu, inaruhusu "tovuti tano na waandishi kumi, kwa matumizi ya ndani ya biashara ya mteja". Tovuti zetu ni mbili tu. Sasa SACCOS moja, shule na redio ya jamii wanataka tuwaendeshee tovuti zao humo kwa malipo ya kila mwezi. Nafasi tatu si zipo? Halafu watu wa redio wameuliza: makala watakazoandika humo zitakuwa za nani?

Jibu: Ndugu yangu, nafasi tatu zipo, lakini si za kuwapa hao. Wewe umesoma namba. Kinachokubana ni maneno "matumizi ya ndani". Rudi mwanzo wa mkataba, kwenye sehemu ya ufafanuzi, uone neno "mteja" limeelezwaje. Karibu kila mara ni aliyelipa, yaani ofisi yako. Shule na SACCOS ni wateja wako wewe. Kwa mwenye programu ni watu wa nje. Kisha shuka hadi sehemu ya vizuizi. Humo kwa kawaida utakuta kifungu kinachokataza kukodisha programu, kuigawa kwa wengine, au kuitumia kutoa huduma kwa watu wa nje. Umepanga nyumba, na mpangaji hapangishi mpaka mwenye nyumba akubali.

Tovuti tano ulizopewa ni tano za kwako: ya kampuni, ya jarida lako, ya majaribio. Ukimwekea mteja anayekulipa, hata kama ni mmoja tu, umeshavuka. Usitegemee kwamba hawatajua. Programu nyingi za namna hii hutuma ufunguo wa leseni kwa seva ya mwenye programu mara kwa mara, na pamoja na ufunguo huenda jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti. Siku ufunguo ukifungwa, hutazimikiwa wewe peke yako. SACCOS itakosa tovuti katika wiki ya mkutano mkuu, na simu itakayoita ni yako.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kila mteja anunue leseni kwa jina lake, wewe umwekee programu na kuisimamia kama fundi wake. Mikataba mingi inamruhusu mwenye leseni kutumia mkandarasi, mradi kazi iwe ya mwenye leseni. Bei ya leseni iandike kwenye ankara kama mstari wake peke yake, usiichanganye na ada yako ya kazi. Mteja akiamua kuhama, anaondoka na leseni yake.

Sasa waandishi kumi. Hapa ndipo naona ofisi nyingi zikiteleza. Fungua orodha ya watumiaji kwenye programu yako leo uitazame. Nina hakika kuna akaunti iitwayo "admin", nyingine "jaribio", na pengine moja ambayo watu watatu wanajua nywila yake. Redio itafanya hivyo hivyo: watangazaji wote wataingia kwa akaunti moja ya "studio" ili kukwepa hesabu. Leseni nyingi huhesabu watu, si akaunti, kwa hiyo ujanja huo hausaidii kitu. Tena unaharibu jambo kubwa zaidi: habari ikilalamikiwa, historia ya marekebisho itakuonyesha "studio" tu, na hutajua nani aliandika sentensi ile wala nani aliibadilisha saa nne usiku.

Ugomvi wa hesabu hizi si wa leo. Mwaka 2004 kampuni ya Six Apart ilitoa toleo la 3.0 la Movable Type, programu iliyokuwa ikiongoza kwa waandishi wa blogu wakati ule. Kabla ya hapo mtu binafsi aliitumia bila malipo na bila kuhesabiwa. Leseni mpya ikampa asiyelipa mwandishi mmoja na blogu tatu. Kilichowaudhi watu hakikuwa bei peke yake. Walijiuliza "blogu" ni nini hasa: safu ya pembeni ya ukurasa, ambayo fundi ameiunda kama blogu ya pili ili ionekane vizuri, inahesabiwa? Ilibidi kampuni irudi kufafanua, lakini wengi walihamia WordPress, programu shindani ya bure iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza kwa maandishi: tovuti moja ni kikoa kimoja, ni usakinishaji mmoja (yaani programu kuwekwa mara moja kwenye seva), au ni nini? Toleo la Kiswahili na la Kiingereza la tovuti ileile ni moja au mbili? Mwandishi aliyeacha kazi bado anahesabiwa?

Swali la redio ndilo zuri kuliko yote. Kwa sheria, makala ni ya aliyeiandika, au ya mwajiri wake ikiwa imeandikwa kama kazi ya ajira na hakuna makubaliano mengine. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda programu na inalinda makala, kila moja na mwenye wake. Kutumia programu ya mtu hakumpi yeye umiliki wa ulichoandika.

Ila mkataba unaweza kukufunga mikono bila kugusa umiliki, na mfano upo. Januari 2012 Apple ilitoa iBooks Author, programu ya bure ya kutengenezea vitabu vya kielektroniki. Leseni yake ilisema kitabu ukikitoa bure, kisambaze utakavyo. Ukikiuza, utakiuza kupitia Apple tu. Kitabu kilikuwa chako, ila mlango wa duka ulikuwa wao. Waandishi walipiga kelele, na mwanzoni mwa Februari kampuni ikarekebisha maneno: sharti linahusu faili la muundo wa .ibooks, si maneno yaliyomo. Ukiyatoa kwa PDF au muundo mwingine, uza popote. Wale waliosoma leseni siku ya kwanza ndio waliowaokoa wengine, nami nawaheshimu kwa hilo. Kwenye mkataba wako tafuta kifungu kinachotaja "matokeo" au "kazi zilizotengenezwa kwa programu". Kisipokuwepo, waambie redio walale salama.

Waambie pia wasichokimiliki. Themu iliyokuja na programu (kifurushi cha sura ya tovuti), fonti na aikoni zake si mali yao. Wakihama watachukua maneno, picha zao na orodha ya wasomaji waliojiandikisha. Sura ya tovuti wataiacha.

Mtu atakuambia, "Achana na hayo, tumia WordPress." Kwa biashara ya aina yako ni ushauri mzuri, ila ujue kwa nini. WordPress iko chini ya GPL, leseni ya programu huria, ambayo haiweki mpaka wowote kwenye kuitumia: tovuti mia, waandishi elfu, kwa malipo au bure, kwako au kwa jirani. Masharti yake yanaanza pale unapomkabidhi mtu nakala ya programu yenyewe. Hapo lazima naye umpe haki zilezile na msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama mafundi walivyoyaandika. Kumwendeshea mteja tovuti kwenye seva yako si kumkabidhi nakala. Kuna leseni jirani, AGPL, iliyoongeza sharti: ukiirekebisha programu na watu wakaitumia kupitia mtandao, wapewe msimbo wa toleo hilo ulilolirekebisha. Soma herufi zote nne.

Hata hapo mipaka inarudi kwa mlango wa nyuma. Themu na plagini (programu ndogo za nyongeza) za kulipia huwa na ufunguo wa tovuti moja, tano au zaidi. Mara nyingi kinachohesabiwa ni masasisho na msaada, si haki ya kuitumia, lakini plagini isiyosasishwa ni tundu la wezi, kwa hiyo inunue kwa kila mteja. Na ukifungua huduma yako, usisajili kikoa chenye neno WordPress ndani yake. Neno hilo ni alama ya biashara iliyosajiliwa, na sera ya wamiliki wake inakataza kulitumia hivyo. Leseni ya msimbo haikupi jina.

Kuhusu kuhama, jaribu kabla hujahitaji. Chukua tovuti moja, toa maudhui yote kutoka programu ya sasa, uyaingize kwenye usakinishaji mtupu mahali pengine. Picha ndizo hupotea. Faili linalotolewa na WordPress, kwa mfano, halina picha ndani. Lina anwani zake tu, na upande wa pili huzivuta kutoka tovuti ya zamani. Ukiizima ya zamani mapema, utabaki na makala zenye visanduku vitupu. Fanya jaribio hilo leseni yako ingali hai, maana programu nyingine hufunga ukurasa wa usimamizi mara tu muda unapokwisha.

Kabla hujawajibu wateja wako watatu, mwandikie mwenye programu barua pepe fupi: "Tunataka kuendesha tovuti za taasisi tatu kwenye seva yetu, kwa ada ya mwezi. Je, leseni yetu inaruhusu? Kama hairuhusu, ipo inayoruhusu na ni kiasi gani?" Taja namba ya leseni yako na kifungu unachouliza. Jibu likija kwa simu, omba waliandike, ulihifadhi pamoja na mkataba. Hadi hapo usipokee hata malipo ya awali ya shule.