Wenyeji wa Australia walipigana, tena miaka mingi
Kuna wanaodai, lakini si kweli, kwamba wenyeji wa Australia waliwaachia Waingereza ardhi bila kupigana. Waingereza walifika Sydney Januari 1788, na Desemba 1790 tayari Pemulwuy, mtu wa ukoo wa Bidjigal, alimchoma mkuki mwindaji wa gavana, John McIntyre, ambaye baadaye alikufa kwa jeraha hilo. Kuanzia 1792 Pemulwuy aliongoza mashambulizi kwenye mashamba ya walowezi, mahindi yakachukuliwa na nyumba zikachomwa moto. Machi 1797 huko Parramatta, karibu na Sydney, alipigwa risasi ndogo saba, akakamatwa, akapelekwa hospitali, kisha akatoroka na pingu ya chuma ingali mguuni! Waliomuua Juni 1802 walimkata kichwa, kikapelekwa Uingereza kwa mwanasayansi Joseph Banks. Hata gavana King, aliyekuwa ametoa amri asakwe, aliandika kuwa Pemulwuy alikuwa jasiri. Tedbury, mwana wa Pemulwuy, akaendelea na vita.

Wala hakuwa peke yake. Wawiradjuri, taifa jingine la wenyeji, wakiongozwa na Windradyne walipigana hadi gavana akatangaza sheria ya kijeshi katika eneo la Bathurst, magharibi mwa Sydney, Agosti 1824. Katika kisiwa cha Tasmania mwaka 1830 zaidi ya wanaume 2,000, askari na walowezi, walipangwa mstari kuwasaka wenyeji.

Ila tusitafute jeshi moja lenye amiri mmoja. Yalikuwa mataifa mengi, kila moja likilinda nchi yake, na wakoloni wakaona rahisi kuwaita wahalifu badala ya kukiri kwamba hivyo vilikuwa vita.